Sol-fa na vijana wenye disleksia

Katika kwaya yetu ya vijana nina wanafunzi wawili wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi. Masikio yao ni makali ajabu. Kinachowatesa ni karatasi. Sol-fa, zile herufi za kuandikia nyimbo, d r m (do, re, mi), zilizoenezwa na Mwingereza John Curwen karne ya 19, imejaa nukta na vistari vilivyobanana kama dagaa, na do ya juu inatofautiana na ya chini kwa kijialama kidogo tu pembeni ya herufi.

Sasa tunaanza na mwili. Wanaimba huku wakionyesha sauti kwa mkono: do ni ngumi kiunoni, so kiganja kifuani, do ya juu ngumi tena, ila usawa wa paji la uso. Hapo hakuna wa kuzichanganya! Baadaye ndipo naleta karatasi: herufi kubwa, nafasi ya kutosha, mistari michache kwa ukurasa.

Jumamosi binti mmoja ameisoma sauti ya pili mwanzo hadi mwisho bila kumsubiri jirani yake aanze. Nimefurahi mno. Walimu wenzangu wa kwaya, mkizitaka karatasi hizo niandikieni, nitawatumia.