Baiti 128 za mkiani: kumbukumbu ya mradi wa kupanga ROM za Famicom

Usiku wa kuamkia leo, saa nane na dakika chache, faili ya mwisho kati ya ROM 61 (nakala za kompyuta za kaseti za michezo) zilizokuwa zimekataa kutambuliwa ilipata jina lake, na mstari wake kwenye RomVault, programu inayolinganisha faili na orodha ya majina sahihi, ukaacha kuwa mwekundu ukawa wa kijani. Rangi hiyo niliisubiri kwa wiki tatu. Naandika kumbukumbu hii sasa, kabla sijasahau mambo yalivyofuatana, kwa kuwa najua wapo wenzangu hapa Bukavu na kule Goma walio na folda kama yangu, nao wanadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba faili zao zimeharibika.

Diski yenyewe ni ya yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Zamani aliendesha chumba cha michezo Kadutu, chenye televisheni mbili na mashine za kuiga Famicom (mashine ya michezo ya Nintendo, ambayo nje ya Japani huitwa NES), zile zinazopokea kaseti za pini 60. Mashine zilipokufa moja baada ya nyingine, alihamia kwenye kompyuta akaanza kukusanya, na kwa miaka mingi alinakili kutoka diski moja hadi nyingine bila kufuta chochote. Ilipofika mikononi mwangu, folda ya Famicom na NES peke yake ilikuwa na faili 1,930. Baadhi zilikuwa na majina ya herufi nane ya enzi za DOS, baadhi zilikuwa na alama za GoodTools, programu za zamani za kutaja hali ya kila nakala, ndani ya mabano ya mraba, na baadhi yaya alizipa majina mwenyewe kwa Kifaransa, kadiri alivyoukumbuka mchezo, hata nikakuta faili tatu tofauti ambazo zote zinaitwa "tank". Nilimwahidi kwamba nitamrudishia mkusanyiko ambao kila mchezo una jina moja sahihi, na nakala mbovu zimewekwa kando.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na lilinigharimu siku nne. No-Intro, kundi linalotunza orodha za nakala sahihi za michezo, wana orodha mbili za NES, moja inayohesabu faili pamoja na kichwa chake cha baiti 16 (maelezo yanayowekwa mwanzoni mwa faili), na nyingine inayohesabu data ya kaseti peke yake. Nilichukua ile ya kwanza bila kufikiri, nikaacha kompyuta isome folda nzima, na matokeo yakawa sifuri. Hakuna hata faili moja iliyotambuliwa. Sababu ni kwamba orodha ile hutumia vichwa vya muundo wa NES 2.0, ilhali faili za yaya zina vichwa vya iNES vya miaka ya 1990, ule muundo uliotokana na emuleta (programu ya kuiga mashine ya michezo) ya Marat Fayzullin, na baiti moja tu ikitofautiana, nambari ya CRC32, ile inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za faili ili kuitambua, hubadilika.

Tena vichwa vyenyewe vilikuwa vichafu. Mamia ya faili hizo zina maneno "DiskDude!" yaliyoandikwa kuanzia baiti ya 7 hadi ya 15, yaliyoachwa na programu fulani ya zamani, na madhara yake si ya kuchafua macho tu. Herufi D ni 44 kwa hesabu ya heksadesimali, na nusu ya juu ya baiti ya 7 ndiyo inayobeba sehemu ya juu ya nambari ya mapa, yaani aina ya ubao wa kaseti. Hivyo D ile huongeza 64, na mchezo wa mapa 1 hujitangaza kuwa wa mapa 65. Emuleta nyingi za leo zinaijua hila hiyo na huipuuza, lakini nilipoiona ndipo nilipoelewa kwa nini baadhi ya michezo ilikuwa ikikataa kufunguka kwenye kompyuta ya kwanza ya yaya, naye akiilaumu kompyuta.

Nilipobadilisha orodha na kutumia ile isiyohesabu vichwa, faili 1,412 zilipata majina kwa mkupuo mmoja. Zikabaki 518. Kati ya hizo, 431 zilikuwa na alama za GoodTools zilizojieleza zenyewe, yaani [b] kwa nakala mbovu, [h] kwa mchezo uliobadilishwa na mtu na [t] kwa ulioongezewa hila za kudanganya, nazo nikazihamishia kwenye folda ya pembeni bila majuto.

Zilizobaki ni 87, na hizo ndizo zilizonikosesha usingizi. Hazikuwa na alama yoyote ya ubovu, na baadhi yake zilikuwa na [!], ambayo katika mfumo wa GoodTools humaanisha kwamba nakala imethibitishwa kuwa nzuri. Nilizifungua moja baada ya nyingine kwenye emuleta, zikacheza bila kasoro, sauti safi na picha safi. Mmojawapo niliucheza hadi mwisho ili kuwa na hakika. Mchezo unacheza kikamilifu, lakini kwa mujibu wa orodha haupo duniani. Nilihisi diski imeanza kuoza, nikanakili faili zote upya kwa kebo nyingine na kwenye tundu jingine la USB, na nambari za CRC32 zikatoka zilezile. Usiku mmoja umeme ulikatika katikati ya ukaguzi, nikaanza upya asubuhi, na jibu likawa lilelile.

Nafuu ilianza kuonekana nilipogundua kwamba Super Mario Bros. ninao mara mbili, nakala moja ikiwa imetambuliwa na nyingine ikiwa miongoni mwa zile 87. Nikawa na mgonjwa na mzima wa kulinganisha. Dirisha la Windows lilionyesha kwamba zote mbili zina KB 41, kwa hiyo niliamini kwamba urefu wao ni sawa, na imani hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilizifungua katika programu ya kuonyesha baiti, moja kushoto na nyingine kulia, nikaanza kuzisoma kutoka juu. Vichwa vilitofautiana, jambo nililolitarajia. Baada ya hapo kila mstari ulifanana na mwenzake, ukurasa baada ya ukurasa, hadi macho yakachoka nikaacha njiani.

Kesho yake niliorodhesha folda kwa mstari wa amri, ambao hutaja ukubwa kwa baiti kamili bila kukadiria. Nakala nzima ilikuwa na baiti 40,976. Nakala iliyokataliwa ilikuwa na baiti 41,104. Dirisha lile lilikuwa likipandisha namba zote mbili hadi KB 41, likanificha tofauti ya baiti 128 kwa wiki mbili nzima.

Kuanzia hapo hesabu ni ya darasa la msingi, na ndiyo maana ninajilaumu kwa kutoifanya mapema. Data ya kaseti ya NES ndani ya faili ya iNES huhesabiwa kwa vipande, programu kwa vipande vya baiti 16,384 na picha kwa vipande vya baiti 8,192. Ukiondoa kichwa cha baiti 16, kinachobaki lazima kigawanyike kwa 8,192 bila salio. Super Mario Bros. una vipande viwili vya programu na kimoja cha picha, jumla baiti 40,960, na ukiongeza kichwa unapata 40,976. Nakala yangu nyingine, baada ya kuondoa kichwa, ilikuwa na 41,088, ambayo ukiigawanya kwa 8,192 unapata 5 na salio la 128. Nilibonyeza kitufe cha End katika programu ya baiti, na pale chini kabisa ya faili, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa kusoma, palikuwa na jina la mchezo limeandikwa kwa herufi za kawaida, likifuatwa na sifuri nyingi.

Muundo wa zamani wa iNES uliruhusu kuandika jina la mchezo mwishoni mwa faili. Emuleta haina haja na sehemu hiyo, hivyo mchezo hucheza kama kawaida, lakini programu za kupanga huondoa kichwa cha juu peke yake na kuhesabu kila kinachobaki, pamoja na jina hilo. Faili ilikuwa nzima muda wote, ila ilikuwa na mkia.

Niliandika skripti fupi ya Python ya kukata baiti 128 za mwisho, na faili 44 zikatambuliwa papo hapo. Nyingine 17 zilizokuwa na salio zikaendelea kukataa, na hapo hasira ikanirudia, maana nilikuwa nimekwisha kumwambia yaya kwa simu kwamba kazi imeisha. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, umezihesabu?" Sikuwa nimezihesabu. Salio la faili hizo 17 lilikuwa 127 badala ya 128, kwa kuwa baadhi ya programu za wakati ule ziliandika jina kwa upungufu wa baiti moja, na skripti yangu ilikuwa ikikata mkia pamoja na baiti moja ya nyama.

Suluhisho sahihi ni kutoanzia mkiani kabisa. Skripti ya sasa husoma baiti ya 4 na ya 5 za kichwa, ambazo hutaja idadi ya vipande vya programu na vya picha, huangalia kwenye baiti ya 6 kama kuna kipande cha ziada cha baiti 512 kinachotangulia data, kisha huhesabu kuanzia mwisho wa kichwa na kuchukua kiasi kilichotajwa, bila kugusa kingine chochote. Kwa njia hiyo urefu wa mkia hauna maana tena. Maneno ya DiskDude! hayaharibu hesabu hiyo, kwa sababu huanzia baiti ya 7. Faili 61 zote zimepata majina, na skripti nzima haifiki mistari 40.

Katika 26 zilizosalia, 14 zilikuwa zimenakiliwa kupita kiasi, yaani data ya kaseti imeandikwa mara mbili mfululizo, na dawa yake ni kugawa sehemu ya programu katikati, kulinganisha nusu mbili, na kuitupa ya pili zikiwa sawa. Tatu zilikuwa na kile kipande cha baiti 512. Moja imeharibika kweli, na nane nitazifikia mwishoni.

Kuhusu zana, maoni yangu yamebadilika. Clrmamepro ina uwezo mkubwa sana, lakini madirisha yake humtaka mtu awe tayari anajua anachokitafuta, na mara mbili ilinihamishia faili mahali ambapo sikupatarajia kwa sababu sikuelewa kisanduku fulani. RomVault naipenda kwa rangi zake, kwa kuwa mtu anaona kwa mtazamo mmoja alichonacho na anachokikosa. Igir, inayofanya kazi kwa mstari wa amri, ndiyo ninayoitumia kujenga folda ya mwisho, maana amri ikishaandikwa vizuri mara moja, inaweza kurudiwa kesho na kutoa matokeo yaleyale. GoodTools sizitumii tena kupanga, lakini nawashukuru walioziunda, kwa kuwa bila alama zao nisingeweza kuzitenga zile 431. Jambo linalonifurahisha zaidi kwa mazingira yetu ni kwamba orodha za DAT, yaani zile za majina sahihi, ni ndogo, hazimalizi kifurushi cha intaneti, na mkusanyiko wenyewe hauhitaji kupakuliwa upya. Nilichokuwa nacho kilitosha, kilihitaji kusomwa tu.

Igir pia inaweza kuchagua toleo moja la kila mchezo kwa kufuata nchi na lugha. Miongozo mingi hutanguliza Marekani. Mimi nilitanguliza Ufaransa na Ulaya, kwa kuwa nyumbani kwetu watoto husoma Kifaransa, na kwa Super Nintendo uamuzi huo ni mzuri sana, maana Secret of Mana na Illusion of Time zina matoleo ya Kifaransa. Kwa NES ulinirudia vibaya. Contra ulitoweka, na mahali pake pakaja Probotector, toleo la Ulaya ambalo askari wake wamegeuzwa kuwa roboti. Isitoshe, matoleo ya Ulaya yalitengenezwa kwa televisheni za picha 50 kwa sekunde, na mchezo wa picha 60 usiporekebishwa, kinachotakiwa kuchukua sekunde 60 huchukua 72. Aliyecheza kwenye mashine za Kadutu anaihisi tofauti hiyo vidoleni. Kwa hiyo NES sasa ina kanuni yake, Marekani kwanza, kisha Japani, halafu Ulaya, na Super Nintendo imebaki na Kifaransa.

Hatua iliyopangwa kufuata ni PlayStation, kuunganisha faili za bin na cue na kuzigeuza kuwa CHD, muundo uliobanwa, kwa programu ya chdman ili nipate nafasi kwenye diski. Sijaigusa, kwa sababu ya faili nane za mwisho. Zote ni kaseti za michezo mingi, zile zenye menyu ya maelfu ya majina ambayo ndani yake mna michezo michache tu inayorudiwarudiwa kwa kuanzia viwango tofauti. Orodha yangu haizijui, vichwa vyake vinataja mapa ambazo haziendani na data, na menyu hufunguka kisha mchezo wa pili tu ndio unaocheza. Nilipomtajia yaya, alisema kaseti ya njano iliyokuwa ikichezwa kuliko zote katika chumba chake bado anayo, kwenye kabati la mama.

Niliichukua Jumapili nikaifungua. Ubao wake hauna chipu zenye maandishi, una matone matatu ya gundi nyeusi tu juu ya nyaya, kwa hiyo mapa yake haiwezi kusomwa kwa macho, itabidi itambuliwe kwa kuandika thamani kwenye anwani mbalimbali na kuona ni benki ipi ya data inayojitokeza. Rafiki yangu wa Ibanda ameniazima kifaa cha kusomea kaseti, lakini tundu lake ni la NES, la pini 72. Adapta ya kutoka pini 60 nimeiagiza kwa mtu atakayerudi kutoka Kigali mwishoni mwa mwezi. Wakati naisubiri, ninanakili menyu nzima ya faili moja kati ya zile nane kwenye daftari, jina kwa jina, nami nimefika namba 212.