Nilivyowapigisha fomu thrii hesabu za maji ya bweni lao

Huku Dodoma mvua inaingia Desemba inakata Aprili, baada ya hapo ni vumbi na maji ya kisima yenye chumvi. Wanafunzi wangu wa fomu thrii walishachoka na yale maswali ya bomba linajaza pipa kwa masaa matatu, nikawaambia haya tuachane na pipa, bweni lenu linahitaji tenki la ukubwa gani ili mnywe maji ya mvua?

Wakachukua futi, bweni likatoka mita 24 kwa 9. Hapo ubishi ulikuwa mzito, wengine wanataka kupanda juu wapime bati lilivyolala, mpaka wakaelewa kinachohesabika ni eneo la chini ambalo paa limefunika. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, Dodoma kwa mwaka inapata kama milimita 570, toa asilimia 20 ya gata kuvuja na mvua ya kwanza kuosha bati, zinabaki lita 98,000 hivi. Wakashangilia kweli, mi kimya.

Kazi ilikuwa kwenye matumizi. Tukakubaliana lita 5 kwa mtu, kunywa, mswaki na kunawa uso tu, kuoga na kufua ni kisima. Wasichana 80, lita 400 kwa siku. Tukachora manila, kila mwezi: kilichokuwepo, jumlisha kilichoingia, toa kilichotumika, kikizidi tenki kinamwagika. Mvua ikikata zinabaki kama lita 38,000, yani hata uweke tenki kubwa kama bwawa la Hombolo, mwanzoni mwa Agosti pakavu. Paa ndo limeishia hapo.

Mmoja wa nyuma kabisa, huwa hata haongei, akasema "Madam, lakini Desemba na Juni si tunakuwa likizo?" Nilifurahi sana aisee! Tukarudia manila yote.

Mkuu wa shule akasema bajeti ni simtanki mbili za lita 10,000. Tukaingiza 20,000, maji hayamalizi Julai. Wakashusha wenyewe hadi lita 3 kuanzia Mei, yakasogea mpaka Agosti, sasa hivi wanagombana nani ashike ufunguo wa koki.