Siku nne kwenye kambi ya manamba

Nilipewa siku nne. Jumatatu hadi Alhamisi nipime, nichore na kupiga picha; Ijumaa katapila linaingia, eneo likatwe viwanja. Ni shamba la zamani la mkonge, si mbali na Lindi mjini, na majengo ya kueleweka yamebaki matatu: nyumba ya meneja, banda la korona (mashine ya kukamua majani ya mkonge yabaki nyuzi) na kambi ya manamba, yaani vibarua wa mkataba wa shambani.

Huwa naulizwa mbona serikali haizuii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mkonge wenyewe uliingia nchini 1893, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika hai 62. Hesabu mwenyewe: hakuna jengo la mkonge linaloweza kuguswa na kinga hiyo, labda waziri alitangaze. Kwa mengine yote kuna tepu, penseli na karatasi.

Aliyeniita alitaka hasa nyumba ya meneja, kwa ajili ya baraza lake. Nikaimaliza Jumatatu. Jumanne banda la korona, ambalo sasa ni nguzo na misingi ya mashine tu. Siku zilizobaki nikazipeleka kambini.

Ni safu moja ya vyumba 12, mawe ya matumbawe na chokaa, kila chumba hakifiki mita 3 kwa 3. Kati ya chumba cha 7 na cha 8 niliona mshono: ukuta wa kati umeegemea tu ule wa nyuma, haujaumana nao. Ncha ya penseli ilipita toka juu hadi chini. Fundi yeyote atakwambia ukuta huo ulikuja baadaye. Nikaenda wa pili, umeumana. Wa tatu, mshono. Hivyo hivyo, mmoja ndiyo mmoja siyo, hadi mwisho. Kumbe vilikuwa vyumba 6, vikakatwa.

Mzee aliyezaliwa humo alikuja kutazama. Nikamwamkia, nikamwonyesha.

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba alikuja hapa peke yake, wakilala wanaume watupu. Wake zao walipoanza kuwafuata ndipo wakaweka hizo kuta."

Niliandika neno kwa neno, nikaandika na namba ya ukuta pembeni.

Jumatano mchana vijana wa mkandarasi wakaezua vyumba vinne vya mwanzo. Kenchi zake sikuwa nimezipiga picha. "Dada, si mabati tu hayo?" Niliumia sana. Boriti za mikoko nilizipima zikiwa chini, lakini boriti iliyolala kwenye nyasi haikwambii tena ilikuwa imebeba nini.

Alhamisi nilirudi chumba cha 7. Karibu na mlango, usawa wa mtu aliyekaa chini, kuna mistari iliyochorwa kwa msumari. Thelathini, nafasi, thelathini, nafasi. Kipande cha manamba, yaani kadi yake ya kazi, kilikuwa cha siku 30 za kazi. Yako makundi manne kamili, na la tano limeishia 17. Nilibandika karatasi ya nailoni nikainakili yote kwa kalamu ya wino, mistari 137, mmoja mmoja, na ule wa mwisho ni mfupi kuliko yote.

Ijumaa asubuhi walianzia chumba cha 12.