Siku moja maishani mwangu: nalea ndege ambazo hazitaruka tena

Saa moja kasorobo asubuhi nafungua mlango mdogo wa ubavuni wa jumba letu la makumbusho ya ndege. Kabla ya kuwasha taa nasimama gizani na kunusa. Harufu ya mafuta ikizidi, kuna ndege imevuja usiku, na leo ni Dakota, ndege ya zamani ya mizigo na abiria yenye injini mbili. Karai chini ya injini yake ya kushoto lina mafuta ya kutosha kikombe. Kila injini ina silinda 14 zilizopangwa kwa duara, na mafuta huteremka polepole hadi kwenye zile za chini. Ndege za ukoo huu zilianza kuruka Desemba 1935, na mpaka leo hii yetu inanidai karai safi kila asubuhi. Kwangu si kero. Chuma kilichokauka ndicho kinacholiwa na kutu.

Saa moja na nusu nasoma vipimo vya unyevu, natazama matairi, navuta kamba za uzio, napitisha brashi laini kwenye mabawa.

Saa mbili niko chini ya MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti. Watu wengi hudhani kazi yetu ni kung'arisha, na wengine hulalamika kwamba ndege zimechakaa kama hazina mwenyewe. Bati nyingi za ndege ni aloi ngumu, yaani mchanganyiko wa metali, iliyovikwa ngozi nyembamba ya aluminiamu safi, na ngozi hiyo ndiyo ngao yake. Ukisugua ili ing'ae, unaichubua. Aluminiamu haioti kutu nyekundu, hutoa unga mweupe, hasa pale skrubu ya chuma inapogusana nayo palipo na unyevu. Leo nimeukuta unga huo umezunguka kichwa cha skrubu moja, mduara mdogo kuliko ukucha. Nimepiga picha, nimeandika kwenye daftari, nikaanza kuutoa kwa kijiti cha mbao na pamba. Skrubu moja, dakika arobaini. Pembeni yake kuna alama ya bisibisi iliyoteleza mkononi mwa fundi fulani zamani, ndege ikiwa bado kazini. Hiyo siigusi. Nikiifuta, nimemfuta na yeye.

Saa nne milango inafunguliwa. Maswali ni yaleyale: ilibeba mabomu mangapi, kwa nini hatuziwashi, choo kiko wapi. Najibu yote kwa moyo mmoja.

Karibu saa sita nasikia sauti nikiwa kwenye ngazi, kitu kama karatasi nzito ikichanika. Najua ni wapi hata kabla ya kugeuka.

Baba mmoja amemvusha mtoto wake juu ya kamba ili ampige picha kwenye bawa la chini la Tiger Moth, ndege ndogo ya mafunzo yenye mabawa ya juu na ya chini. Kiatu cha mtoto kimezama ndani ya bawa.

"Tafadhali kaka, mshike kwapani, umnyanyue wima, usimvute."

Anamnyanyua, kisha anachungulia tundu. "Kumbe ni kitambaa! Dada, si mngesema kwamba hii ni sanamu tu?"

Nimewaeleza maelfu ya watu jambo hili, lakini leo koo lilinikauka. Nikamwambia si sanamu. Tiger Moth iliruka mara ya kwanza mwaka 1931, na marubani wengi wa Vita Kuu ya Pili walijifunzia kwenye ndege za aina hii. Mbavu za bawa ni mbao, juu yake kitambaa kinachopakwa dopu, aina ya vanishi, na dopu ikikauka hukikaza kama ngozi ya ngoma.

"Basi bandikeni kingine. Mbona unakuza mambo?"

Akaendelea: kamba iko chini mno, kibao hakionekani, amelipa kiingilio. Akataka kuonana na mkubwa wangu. Tukamsubiri, na muda wote huo mimi nimesimama kati yake na bawa, mikono nyuma. Mtoto ndiye aliyeuliza la maana: "Inauma?"

Nikachuchumaa. Nikamwambia haiumi, ila imeumia, na nitaishona. Nikagonga kitambaa kizima kwa kidole ili asikie. Ndum. Akatabasamu huku machozi hayajakauka.

Mchana wote uliishia hapo. Ripoti, picha, kupima tundu, kutafuta vipande vya mbao ndani kwa tochi (ubavu haukuvunjika, nilikaa chini kwa kushukuru). Kuvisha bawa zima kitambaa kipya kungekuwa rahisi zaidi, na kungependeza. Lakini kwenye kitambaa hiki ukimulika kwa upande unaona mapito ya brashi ya aliyekipaka, mpito juu ya mpito, na pale alipopitiwa dopu ikachuruzika na kuganda. Kwa hiyo nashona. Sindano iliyopinda, uzi mmoja, mshono huku na mshono kule, kingo zikutane bila kuvutana. Mgongo unawaka. Sijui chakula cha mchana kilipita saa ngapi.

Kiraka kimeingia wageni wakiwa wameshaondoka. Napaka dopu mkono wa kwanza, nasubiri, natembeza tochi kwenye jumba zima, narudi. Nagonga kwa ncha ya kidole. Sauti bado ni nzito, kitambaa hakijakaza. Kesho asubuhi, nikishabadilisha karai la Dakota, nitapaka mkono wa pili.