Kumbukumbu ya mradi: kolamu ya "mgeni" hatimaye imekubali

Imekubali! Nachora kwa jedwali la kompyuta ramani ya wageni waliompigania Garibaldi, jemadari wa muungano wa Italia, mwaka 1860. Jana usiku saa tano na nusu nimebadilisha tarehe moja tu kwenye seli ya juu, kutoka 5 Mei 1860 kwenda 14 Juni 1860, na doti mbili zikageuka rangi zenyewe, ile ya Nice na ile ya Saint-Jorioz, nikabaki naziangalia tu sijagusa kitu. Wiki tatu jamani nimepigana na kolamu moja.

Orodha ya watu 1,089 wa Garibaldi, ile iliyotoka gazeti la serikali ya Italia mwaka 1878, imeshaingia yote. Ndio wale waliopanda meli mbili, Piemonte na Lombardo, pale Quarto karibu na Genoa, kwenda Sicily. Waliofuata baadaye na meli nyingine nawaongeza kidogo kidogo. Ninachotaka ni ramani ya wageni, watu waliotoka kwao kwenda kupigania muungano wa Italia isiyokuwa yao, maana hao ndio wameniteka tangu mwanzo.

Sasa mgeni ni nani? Nilianza na kolamu mbili tu, NCHI na MGENI, ya pili ni ndiyo au hapana. Mtu kazaliwa Baja kule Hungaria, mgeni. Mtu kazaliwa Bergamo (na Bergamo ndiyo ilitoa watu wengi kuliko mji wowote), mwenyeji. Twende.

Kwanza ramani ikanionyesha doti moja Misri. Moyo ulidunda, nikasema kumbe kulikuwa na mtu wa Kairo mle ndani na sijawahi kumsikia! Nafungua mstari wake, Giuseppe Cesare Abba, amezaliwa Cairo Montenotte, bara ya Savona huko huko Italia. Nilipogawa maandishi kwa nafasi "Montenotte" likamwagikia kolamu ya pembeni, ramani ikasoma "Cairo" peke yake. Kwa hiyo usigawe majina ya miji kwa nafasi, gawa kwa mkato, na ukishagawa pitia kwa macho.

Hilo lilikuwa dogo. Akaja Jenerali Milbitz, Mpolandi, ndiye aliyeshika upande wa Santa Maria Capua Vetere tarehe 1 Oktoba 1860 kwenye mapigano ya Volturno, mto ulioko kaskazini ya Napoli. Naandika Poland, ramani ya mipaka ya 1860 inanirudishia sifuri, na iko sahihi, kwa sababu Poland haikuwepo, Urusi na Prussia na Austria walishaigawana tangu 1795. Nimwandike chini ya mmoja wa wale walioimeza nchi yake? Mkono ulikataa. Halafu Wilhelm Rüstow, kazaliwa Prussia, kaikimbia, anaishi Uswisi, anatokea huko kwenda kuwa mnadhimu wa Garibaldi, huyo naye utamwandika wapi? Na Lajos Tüköry ni Mhungaria lakini alishatumikia jeshi la Uturuki, alikuwepo Kars, ngome ya Waturuki, wakati wa vita vya Crimea, akaja kujeruhiwa akiingia Palermo Mei 27 na hakupona.

Aliyenivunja kabisa ni Rosalia Montmasson. Mwanamke pekee kwenye watu 1,089, kazaliwa Saint-Jorioz, Savoy. Leo hapo ni Ufaransa, nikaandika mgeni. Kesho yake nikafuta, maana alipozaliwa Savoy ilikuwa ya mfalme wa Piemonte (hapa si meli, ni ule ufalme wa kaskazini ya Italia), kwa hiyo mwenyeji. Kesho yake nikarudisha. Nimebadilisha ile seli mara sita, na mbaya zaidi kila nikimbadilisha yeye inabidi nimbadilishe na Garibaldi mwenyewe, kazaliwa Nice, nayo ilikwenda Ufaransa kwa mkataba ule ule wa Machi 1860. Kiongozi wa safari nzima, mgeni?

Mume wa huyu mama, Francesco Crispi, ndiye yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Italia akapeleka majeshi Ethiopia mpaka kushindwa vita vya Adwa kukamwangusha Machi 1896. Hilo linanichoma kila nikipita mstari wake. Mtu alihatarisha roho yake ili watu wake wasitawaliwe na wa nje, miaka 36 baadaye anayatenda hayo hayo kwa wengine.

Dawa ilikuwa ni kuacha kuuliza "ni mgeni?" na kuuliza "ni mgeni tarehe ngapi?". Nimefuta NCHI, nimefuta MGENI, nimeweka tatu: alikozaliwa, nani anatawala hapo, na alikotokea kuja kujiunga. Ile ya kati siandiki kwa mkono tena, inavutwa na fomula kutoka jedwali lingine lenye mji, tangu lini, mpaka lini. Savoy na Nice zilikabidhiwa rasmi Juni 14, Rosalia na Garibaldi wako Sicily. Yaani walipanda meli wenyeji, wakageuka kuwa watu ambao kwao ni Ufaransa wakiwa vitani, bila kuhama hata hatua moja!

Na nilichelewa wiki nzima kwa sababu ya programu. Ile ya majedwali tunayotumia wengi ofisini haizijui tarehe za kabla ya 1900, inazichukua kama maandishi, ukiiuliza ipi imetangulia inakujibu upuuzi na wala haikwambii kuna kosa. Nimehamia LibreOffice Calc, yenyewe inarudi nyuma kwa namba hasi, 5 Mei 1860 kwake ni -14483, basi, inajumlisha na kutoa kama kawaida. Ni ya bure pia. Kwa mtu yeyote wa historia mimi siku hizi nasema anza na hiyo usipoteze muda. Na ukihifadhi CSV (jedwali kama maandishi matupu) chagua UTF-8, mfumo unaotunza herufi zenye alama, la sivyo Türr, ofisa Mhungaria wa Garibaldi, anageuka alama za kuuliza, na huyo tayari ana shida yake, Wahungaria wanamwita Türr István, Waitalia Stefano, nilimhesabu mara mbili.

Wiki hii ilikuwa zamu ya Waingereza, wale kama 600 waliosajiliwa kwa jina la watalii kwa sababu sheria yao ya 1819 ilikataza kujiunga na jeshi la nje, wakafika Napoli Oktoba vita kubwa imeshapita. Nimewaweka pembeni, maana nimekutana na Andrea Aguyar na siwezi kumwacha. Mtu mweusi wa Montevideo, Uruguay, mtoto wa watumwa, alimfuata Garibaldi kuvuka bahari, anapigana kwa farasi na mkuki na kamba ya kunasia ng'ombe, akauawa na kombora la Wafaransa Trastevere, Roma, tarehe 30 Juni 1849. Si wa 1860 kwa hiyo orodha yangu nzima inabidi irudi nyuma miaka 11, na jedwali la watawala nalo, sijali, nimeshamfungulia mstari wake. Nimeongeza na kolamu ya alipofia na nani alitawala hapo siku hiyo, na kwake fomula imetoa Jamhuri ya Roma, imebakiza siku tatu ianguke.