Mafuta ya breki si mafuta ya haidroliki

Jumatatu asubuhi, kabla sijafika getini, simu ya dereva wa mashine ya kufagia.

"Fundi, breki zimekamata. Nikiachia pedali hazirudi."

Mashine yenyewe ni ile ya kukalia, tunafagilia ghala la saruji hapa Kurasini. Pipa lake la taka likijaa vumbi la saruji huwa zito kwelikweli, na kutoka ghalani kwenda uani kuna mteremko. Wengi husema mashine hii inakwenda mwendo wa mtu, breki za nini? Mimi nikiwaangalia vijana wanaopakia malori pale chini, siwezi kusema hivyo.

Nikaipiga jeki. Gurudumu la nyuma halizunguki kwa mkono, na dramu ya breki imechemka ingawa dereva alikuwa amezunguka mara mbili tu. Nikalegeza nipo, skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki: mafuta yakaruka, na papo hapo gurudumu likaachia. Basi kosa haliko kwenye dramu. Presha imefungiwa kwenye mabomba, haina njia ya kurudi.

Nikafungua kikopo cha masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Nikachota kidogo, nikamimina kwenye chupa ya maji niliyoikata. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 au DOT 4 huchanganyika na maji yakapotea humo. Haya yalielea juu, yakatanda kama mafuta ya taa kwenye dimbwi.

Nikaenda stoo. "Shikamoo mzee. Jumamosi nani alichukua oili?"

"Marahaba. Zamu ya usiku. Waliona kikopo kimepungua, wakaongeza kutoka kwenye ile ndoo ya oili ya kuinulia brashi."

Oili ya haidroliki. Sikuwalaumu, maana kwenye kikopo maandishi yalishafutika siku nyingi, na hilo ni jukumu langu.

Nilipoitoa pistoni ya masta silinda, mpira wake niliuweka mezani kando ya mpya. Wa zamani ulikuwa umevimba na kulainika, ukiubonyeza kwa kidole unabaki na alama. Nikajaribu kuurudisha kwenye tundu lake, haukuingia. Mpira wa mfumo wa DOT ukinywa mafuta ya madini, kama hiyo oili ya haidroliki, huvimba hivyo, ukaziba kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye kikopo. Ndiyo maana breki zilikamata.

Bosi aliuliza kama tunaweza kumwaga na kujaza upya tu. Hapana. Nilibadilisha mipira yote, ya masta silinda na ya kila gurudumu, pamoja na paipu za mpira. Mabomba ya chuma nikayasafisha kwa spiriti na kuyakausha kwa upepo wa kompresa. Petroli siigusi kwenye kazi hii, nayo huharibu mipira vilevile.

Mashine yetu ya pili, ya kusugua sakafu, ni kinyume chake: kiwandani ilitengenezwa na mipira ya mafuta ya madini. Hiyo ukiitia DOT ndiyo unaiua. Kwa hiyo usikariri, soma kitabu cha mashine.

Nikajaza DOT 4 kutoka chupa niliyoifungua mwenyewe siku hiyo. Yakiwa mapya kabisa huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu, na yakishanyonya kiasi huweza kuchemkia 155. Kwa hewa yetu ya pwani, chupa iliyokaa wazi stoo miezi mitatu mimi naimwaga. Tukatoa upepo kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, dogo anakanyaga pedali na kushikilia, mimi nafungua na kufunga, mpaka paipu ya plastiki haina povu hata tone.

Vikopo vyote viwili nimevipiga rangi na kuandika upya kwa herufi kubwa, na ile ndoo nimeihamishia upande wa pili wa stoo.

Saa kumi na moja jioni tukawaondoa watu wote kwenye mteremko, pipa likiwa limejaa. Dereva akateremka, akakanyaga katikati. Ikasimama. Akaachia, ikatembea.

"Sasa inarudi, fundi."