Kulungu wa Septemba kwa upinde wa mti: uzoefu wangu wa Georgia

Nianze na hasira zangu kwanza, mengine yatafuata. Ukisema tu unataka kuwinda kulungu kwa upinde wa mti, huu wa kizamani usio na puli wala saiti, kila mtu huku Georgia, Marekani, ana ushauri wa kukupa, na karibu wote ni ushauri wa kuwindia kwenye baridi. Subiri Novemba madume wakianza kufukuza majike. Panda juu ya mti mita sita. Mwaga mahindi. Nunua kompaundi, ule upinde wa kisasa wa puli. Jamaa mmoja kwenye duka la vifaa aliushika upinde wangu akaugeuza geuza akaniambia kwa huu, tena Septemba, utalisha mbu tu. Sasa nyama ipo kwenye friza, ni ya Septemba, na imepatikana kwa upinde huohuo, ndo maana nimekaa kuandika.

Mimi kwetu Tanga, na kwetu hakuna aliyewinda zaidi ya kutega ndege utotoni. Upinde nimefundishwa na mzee jirani yetu huku, watoto wangu wanamwita Babu, yeye kakulia Alabama na ndiye aliyenihadithia habari za Howard Hill, mtu wa hukohuko Alabama aliyezaliwa 1899, aliyekuwa anatumia upinde mrefu wa kawaida kabisa na akaenda nao mpaka Afrika akaangusha tembo. Kabla yake walikuwepo ndugu wawili, Maurice na Will Thompson, wamekulia hapahapa Georgia, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilipoisha 1865 wao walikuwa upande ulioshindwa, bunduki wamenyimwa, basi wakaingia misituni na pinde. Na kabla ya hao wote kulikuwa na Wamuskogee, wenyeji wa asili wa huku, waliokuwa wanaishi kando ya mto Oconee mpaka walipofukuzwa. Kwa hiyo mtu akiniambia upinde wa mti hauwezi kazi kwenye misitu ya Kusini simwelewi kabisa. Rafiki zangu wa nyumbani walikuwa wananiuliza kwani siku hizi umekuwa Mhadzabe, nawajibu natamani, maana wale wa Ziwa Eyasi wanapata mnyama kwa upinde waliouchonga wenyewe, mimi wangu nimeununua.

Makaratasi si kazi kubwa. Leseni ya kuwinda na ile ya wanyama wakubwa ukijumlisha kwa mkazi haifiki dola hamsini, na kama umezaliwa kuanzia 1961 lazima upite kozi ya wawindaji. Msimu wa upinde unafunguliwa katikati ya Septemba huko, wiki kadhaa kabla ya bunduki, msitu unakuwa mtulivu na kulungu hawajatishwa. Mimi naenda msitu wa taifa wa Oconee, kusini mashariki ya Atlanta, ni ardhi ya umma, hulipi mtu kukodi shamba. Na hapo ndo ushauri wa mahindi unakufa, kwenye msitu wa taifa kumwaga chambo ni kosa, mtu anakushauri kitu cha kukuletea faini alafu anaondoka zake.

Mazoezi yangu ni mshale mmoja asubuhi kabla sijaenda kazini. Mmoja tu, bila kupasha misuli, umbali wa hatua kumi na tano, nimekaa kwenye kigoda kilekile cha msituni. Jioni narusha mingi kama wengine lakini wa asubuhi ndo ninaouamini, maana kulungu hakupi nafasi ya kujaribu mara tatu. Jambo jingine, usiache upinde kwenye gari mchana. Ndani ya gari lililofungwa kwa joto la huku gundi ya zile tabaka za mikono ya upinde inalegea, jamaa mmoja tunayefahamiana upinde wake wa dola mia kadhaa ulifunguka ukawa mbao na fibagilasi kila kitu kivyake. Wangu unakaa ofisini nyuma ya mlango.

Chembe ya mshale natumia ya makali mawili, ya chuma kigumu, nanoa mwenyewe. Naanza na tupa mpaka ukingo ushike mwanga sawasawa kutoka ncha hadi nyuma, alafu jiwe laini, alafu mkanda wa ngozi. Kipimo changu ni nywele za mkono, zisiponyolewa kwa kupitishwa mara moja narudi kwenye jiwe. Kompaundi inasukuma mshale kwa nguvu nyingi, inaweza ikafidia chembe butu kidogo, upinde wa mti haufidii kitu, kazi yote ni makali. Na kwenye unyevu wa huku chembe inashika kutu usiku mmoja, kwa hiyo napaka mafuta kidogo na nikirudi jioni naifuta tena hata kama sijarusha.

Wadudu sasa. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa, na kweli inachosha, nyuzi joto 32 jioni na jasho linatiririka mpaka kwenye kope. Nguo zote za msituni, soksi na viatu, nazipulizia permethrini siku moja kabla na kuziacha zikauke. Ni dawa ya familia ileile ya vyandarua vyetu vya nyumbani, inapakwa kwenye nguo, haipakwi kwenye ngozi. Suruali unaichomeka ndani ya soksi na usione aibu. Kupe wa huku kuna mmoja mwenye doa jeupe mgongoni, akikuuma anaweza kukusababishia mzio wa nyama nyekundu, yaani unawinda nyama alafu huwezi kuila tena, kwa hiyo nikifika nyumbani najikagua mwili mzima kabla sijakaa hata kwenye kochi.

Haya, tuje kwenye chakula cha kulungu maana ndo siri yenyewe. Septemba kulungu hana haja ya kutembea sana, kuna joto, kila kitu ni kijani, anakula karibu na anapolala. Kinachomtoa ni kokwa za mwaloni mweupe zikianza kudondoka. Za mwaloni mwekundu zina ukakasi mwingi, na zinachukua miaka miwili kukomaa, za mweupe zinakomaa mwaka uleule na hazina ukakasi mkali, kulungu anaziacha zote anakimbilia hizo. Majani yanakuambia, mweupe vidole vya jani lake ni vya mviringo, mwekundu vina ncha kali. Lakini si kila mwaloni mweupe unazaa kila mwaka, kwa hiyo Agosti nazunguka na darubini naangalia juu, mti kwa mti, naweka alama kwenye simu wenye kokwa. Msimu ukianza nasimama kimya msituni nasikiliza. Kokwa ikianguka kwenye majani makavu unaisikia mbali kabisa. Mti unaodondosha wiki hii ndo wangu, wa wiki iliyopita siuhitaji tena.

Niliupata mmoja bondeni, kama hatua ishirini kutoka kwenye kijito, chini yake maganda yaliyotafunwa na kinyesi kibichi kimejaa. Juu ya mteremko kuna msitu mzito wa misonobari michanga, hapo ndo walikuwa wanalala.

Ushauri wa kwanza nilioufuata ulikuwa wa yule anayesema angalia upepo kwenye simu. Simu inasema upepo unatoka kusini magharibi, nikakaa kaskazini mashariki ya mti ili harufu yangu isiwafikie, kila kitu sawa kama vitabu vinavyosema. Saa kumi na moja jioni jike akatokea kwenye misonobari, anashuka taratibu, anasimama, anashuka. Alipofika kama hatua arobaini akanyanyua kichwa, akapiga kwato chini mara mbili, akapuliza pua kwa kishindo na mkia mweupe juu, kwaheri. Hakuniona, nina uhakika, nilikuwa nyuma ya shina na sijasogeza kidole. Jioni nyingine vilevile. Nikamwambia Babu, "Mzee, upepo ulikuwa mzuri kabisa." Akacheka akasema, "Mwanangu, upepo wa simu uko juu ya miti, kulungu hayuko juu ya miti." Akaingia ndani akaniletea maganda makavu ya mmea fulani unaoota pembeni mwa barabara, yamepasuka, ndani yana nyuzi nyeupe laini kama sufi ya kwenye mito yetu ya kulalia.

Jamani ile sufi ndo imenipa huyu mnyama. Wengi wanatumia chupa ya unga, unabinya, unaona upepo wa mita mbili mbele yako basi, unapotea. Sufi unaachia uzi mmoja, unaelea, unaufuata kwa macho mita ishirini, thelathini. Nilikwenda pale bondeni bila upinde, nikakaa tu kuachia uzi mmoja baada ya mwingine. Saa kumi jua bado linapiga mteremko, sufi inaondoka kwangu inaelekea kwenye kijito, inasita, inageuka, inapanda mteremko moja kwa moja mpaka kwenye misonobari! Hewa ya joto inapanda, inabeba harufu yangu inawapelekea walipolala. Nikaendelea kuachia. Jua likashuka nyuma ya kilima, kivuli kikaja kinatambaa, kikafika kwenye kijito. Dakika chache baadaye sufi ikasimama hewani haiendi popote, alafu ikaanza kushuka, polepole, kuelekea kwenye maji, na ilipofika juu ya kijito ikafuata mkondo ikaenda zake. Niliachia kama nyuzi kumi kuhakikisha. Zote zilipita njia hiyohiyo. Nilitaka kupiga kelele.

Kwa hiyo mpango ukawa hivi, nasubiri mbali kule barabarani mpaka kivuli kifunike bonde, ndipo naingia kwa kutembea ndani ya kijito chenyewe, nakaa chini, kati ya mti na maji. Wote waliniambia nipande juu ya mti. Ukipanda juu kwenye hewa ile harufu inatawanyika huku na huku, chini kando ya maji inashuka na kuondoka.

Na kukaa kati ya mti na maji kulikuwa na sababu ya pili muhimu kwangu kuliko hata ya kwanza. Mnyama akichomwa na makali ya mshale na ukataja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia, ni halali hata ukimkuta ameshakufa, ukimkuta hai unamchinja. Lakini kwenye hadithi ya Mtume aliyoisimulia sahaba Adiyy bin Hatim imekuja kwamba ukimkuta amezama majini usimle, maana hujui kilichomuua ni mshale au ni maji. Na kulungu aliyejeruhiwa mara nyingi anakimbilia maji. Nikiwa mimi niko upande wa kijito, akishtuka kuna nafasi kubwa arudi juu alikotoka. Sikutaka kabisa nyama ya mashaka.

Siku yenyewe walikuja wawili, majike. Mkubwa akaingia chini ya mwaloni akaanza kutafuna, nasikia kokwa zinapasuka mdomoni mwake. Nilisubiri mguu wa mbele usogee mbele na yule mwenzake aangalie kwingine. Upinde wa mti hauna cha kulengea, unachagua sehemu ndogo unaikazia macho, mimi nilichagua kikunjo kimoja cha ngozi nyuma ya bega, nikavuta, kidole kikagusa pembe ya mdomo, Bismillahi Allahu Akbar, ukaenda. Hatua kumi na mbili hivi. Mshale ulipita ukatokea upande wa pili ukachoma udongo. Alikimbia kupanda mteremko kama nilivyoomba, nikasikia kishindo, kimya.

Mshale ulikuwa na damu nyekundu angavu yenye povu, hiyo ni mapafu. Hata hivyo nilisubiri nusu saa ndipo nikapanda, nilimkuta pembeni ya gogo la msonobari, ameshakufa. Alhamdulillah, nilikaa chini pale nikashukuru.

Baada ya hapo ni mbio, joto halina subira. Unamrekodi mnyama kwanza kabla hujamsogeza, ripoti rasmi una saa 24 kuifanya kwenye simu. Matumbo nje palepale, alafu chupa za maji nilizogandisha za lita mbili nikazitia ndani ya kifua, hii nimeigundua mwenyewe na naipendekeza kwa kila mtu, barafu ya mifuko inayeyuka na kulowesha nyama, chupa hailoweshi. Kumburuta natumia kile kidude cha plastiki watoto wanachotelezea kwenye theluji, bei yake kama dola ishirini. Kwenye gari deli la barafu lilikuwa linanisubiri.

Mama watoto alisema harufu ya pori iko wapi mbona haipo, nikamwambia hiyo harufu watu wanaitengeneza wenyewe kwa kuchelewa. Sarara tulikula usiku uleule, imekaangwa haraka na kitunguu saumu na pilipili manga, ukiizidishia moto inakauka kwa sababu haina mafuta. Paja moja likaenda kwa Babu, jingine limepikiwa pilau Ijumaa watu wakajaa nyumbani.

Mnaoniuliza uzito wa kuvuta, upinde wangu ni wa paundi 47, mshale mzito wa mbao wenye manyoya ya bata mzinga, inatosha kabisa. Oktoba kokwa za mwaloni mweupe zikiisha nahamia kwenye mialoni myekundu kule juu, na atakayetaka kuja naye aje na vesti ya rangi ya machungwa, bunduki zitakuwa zimeanza.